Kifaa cha ndege kinazingua kwenye joto au baridi? Soma namba vizuri kabla hujakitoa

Boksi linazima angani, likifika kwenye benchi ya karakana linawaka safi kabisa, fundi anaandika "limepimwa, halina kosa" linarudi stoo, wiki mbili baadae hilo hilo linaletwa tena na malalamiko yale yale. Mi nimeshaufanya huo ujinga zaidi ya mara moja. Benchi ina nyuzi 22 na kiyoyozi juu yake, sasa kule lilikotolewa kulikua na nyuzi ngapi? Mara nyingi jibu lote liko hapo, ila ili ulipate inabidi ujue namba ya joto iliyoandikwa kwenye hicho kifaa inaongelea nini, na hapo ndo watu wengi tunapoteleza. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi, nikigusa Farenhaiti ntasema.

Namba yenyewe inasema nini

Unakuta karatasi ya kifaa imeandika 85 mtu anajua basi kinafanya kazi mpaka nyuzi 85. Subiri kwanza. Vifaa vingi vya umeme vya ndege vinapimwa kwa kufata DO-160, kitabu cha masharti ya vipimo cha RTCA, shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya ndege, na humo joto halina namba moja, zipo kadhaa. Chukua kundi A1, la vifaa vinavyokaa sehemu yenye presha na joto linalodhibitiwa: kufanya kazi muda wote ni -15 hadi 55, kufanya kazi kwa muda mfupi inaruhusiwa mpaka 70, na kukaa kimezimwa ndege ikiwa imepaki ni -55 hadi 85. Kwahiyo ile 85 ni ya kulala tu. Kikilala hapo kisife, lakini ukikiwasha kabla hakijapoa umekivunjia masharti we mwenyewe. Na hiyo 70 ya muda mfupi kwenye jaribio inaanzia nusu saa, imewekwa kwa ajili ya ile hali ndege imeshinda juani, umewasha umeme, na hewa ya kupoza bado haijafika ilipotakiwa kufika. Makundi ya sehemu zisizo na presha ni mengine kabisa, kuna yanayotaka kifaa kifanye kazi mpaka -55. Kundi la kifaa chako utaliona kwenye fomu ya vipimo vya mazingira inayotoka kwa aliyekitengeneza, vingine wameandika kwenye lebo kabisa.

Afu kuna mchanganyo mwingine. Namba ya boksi inaongelea hewa inayolizunguka. Chipu za ndani zina namba zao, zile za kawaida 0 hadi 70, za viwandani -40 hadi 85, za kijeshi -55 hadi 125, na hizo haziruhusu boksi zima lifike huko. Namba ya waya ni joto la shaba yenyewe humo ndani, hewa ya pale ulipopita ni habari nyingine. Namba ya mpira na gundi inaendana na muda, kitu kinachovumilia nyuzi 150 kwa saa kadhaa hakivumilii miaka mitano kwenye hizo hizo 150. Na namba za moto ndo usiziguse kabisa kwa kazi ya kila siku: silanti (dawa ya kuziba nafasi) ya kuta zinazotenga injini utaona imeandikwa 1093, hiyo ni ya kuzuia mwali wa moto kwa dakika chache, joto lake la kila siku nyingi zinaishia kama 204.

Hizo 1093 na 204 zinaonekana za ajabu kwa sababu mwanzo zilikua Farenhaiti, ni 2000 na 400. Vivyo hivyo 121 ni 250 na 177 ni 350. Nataja kwa sababu nimeshaona mtu anashika kopo la silanti lenye namba 250 anapaka karibu na bomba lenye nyuzi 200 za Selsiasi akiwa na amani moyoni kabisa. Namba pekee inayofanana kwenye vipimo vyote viwili ni -40, zingine zote angalia herufi ya mbele yake.

Ndege nzima nayo ina namba yake, tusisahau. Juni 2017 kule Phoenix, Marekani, safari kibao za CRJ, zile ndege ndogo za abiria, zilifutwa kwa sababu joto lilitabiriwa kuzidi nyuzi kama 48 ambazo ndo mwisho wa ndege hizo. Hakuna kilichoharibika, namba tu iliheshimiwa.

Inazima chini ndege ikiwa juani, ikipoa inarudi

Hii ndo inaleta maboksi mengi stoo bila kosa. Ndege iliyofungwa juani ndani inapita joto la nje kwa mbali, nyuma ya paneli za rubani ndo usiseme, kioo kinaingiza jua na hewa haitembei. Usianze kwa kutoa boksi. Anza na hewa: feni inazunguka? Inazunguka upande sahihi? Chujio limejaa vumbi? Mpira unaopeleka hewa umekaa kwenye shingo yake? Kuna shimo kwenye rafu limeachwa wazi baada ya kifaa kingine kutolewa, hewa yote inatokea hapo bila kupita kwenye maboksi?

Niliwahi kubadilisha boksi moja mara tatu kwa mwezi mmoja, la nne nikaamua kulala chini ya rafu na tochi, nikakuta mpira wa hewa umechomoka nyuma kabisa na unapuliza ukuta. Mtu aliyefanya kazi ya jirani aliusukuma na goti akaondoka zake. Maboksi matatu yalisafirishwa kwenda kupimwa bure.

Kama hewa iko sawa pima. Kuna stika za joto zenye vidirisha vinavyobadilika rangi vikifika nyuzi fulani na havirudi tena, bandika moja juu ya boksi, nyingine pembeni pale hewa inapoingia, acha ndege ifanye kazi yake siku mbili tatu afu soma. Stika ya hewa inayoingia ikivuka 55 kwa kifaa cha A1 na ndege imeshawashwa muda mrefu, boksi halina kosa, mazingira ndo yana kosa. Ikiwa hewa inayoingia ni nyuzi 35 na boksi limefika 80 basi hapo sasa lina haki ya kutolewa, ndani kuna kitu kinakula umeme kuliko kawaida au kile kipande cha kutoa joto lake nje kimeachia.

Boksi likizidi kuzima mapema kila mwezi, mwanzo lilikua linazima saa nane mchana sasa linazima saa nne asubuhi, fikiria kapasita za maji. Kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila ukipandisha nyuzi 10 umri wake unakatika nusu. Boksi lililoishi miaka na hewa mbovu halirudi kua jipya kwa sababu umerekebisha feni leo.

Na tableti za marubani, jamani. iPad imeandikwa na Apple wenyewe kwamba inatakiwa kutumika kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Umeibandika kwenye kioo, jua linaipiga, inachaji, skrini imewekwa mwanga wa mwisho, ikizima usishangae na usiandike hitilafu ya ndege. Itoe juani, chomoa chaji, iwekee hewa.

Chini poa, juu inazingua

Wote tunakimbilia kusema baridi. Kweli kwenye anga la kawaida hewa inashuka nyuzi 6.5 kila kilomita mpaka -56.5 kwenye kilomita 11, lakini kuna sababu ya pili iko kinyume kabisa na inasahaulika: kwenye futi 40,000 hewa ni nyepesi, karibu robo tu ya uzito wa usawa wa bahari, na hewa nyepesi haibebi joto. Kifaa kwenye sehemu isiyo na presha kinaweza kuungua huku nje ni baridi ya kufa mtu. Tena kama kinapozwa na feni ndogo yake mwenyewe ndo kabisa, feni inazunguka kwa nguvu zote haina cha kusukuma.

Kuzitenganisha angalia muda. Ikianza ndani ya dakika chache baada ya kufika juu, kitu kilichozimwa kikashika baridi kikashindwa kuwaka, skrini imekua nzito namba zinabadilika kwa kuvuta, rilei (swichi inayowashwa na umeme) inachelewa, hapo ni baridi. Ikiwa imefanya kazi vizuri saa nzima huko juu ndo ikaanza, na ukiizima dakika kumi inarudi, hapo ni joto la kwake yenyewe halina pa kwenda. Sehemu yenye presha hiyo tofauti ya hewa haikupati sana, kwahiyo rudi kwenye feni na chujio.

Kuna tatu, hii naipenda: inafanya kazi juu vizuri, inazingua wakati wa kushuka au dakika chache baada ya kutua, kesho asubuhi haina neno. Hiyo ni maji. Chuma kimekaa baridini masaa, ndege inashuka inaingia kwenye hewa ya joto yenye unyevu, boksi linatoa jasho kama chupa ya soda, maji yanaingia kwenye plagi. Fungua konekta uangalie kutu ya kijani, angalia kama waya umetengenezewa kitanzi cha kudondoshea maji kabla ya kuingia kwenye plagi, na angalia matundu matupu ya plagi kama yamezibwa. Ukibadilisha boksi hapo umebadilisha kitu kisicho na kosa.

Na ikiwa inazingua wakati wa kupanda tu au kushuka tu, yani joto likiwa linabadilika, ikitulia popote pale inakua nzima, shuku solda iliyopasuka au pini iliyolegea, vitu vinavyotanuka kwa kasi tofauti vinaachana. DO-160 ina makundi ya hili pia: vya nje ya ndege vinajaribiwa kwa kubadilisha nyuzi 10 kila dakika, vya sehemu isiyodhibitiwa joto nyuzi 5, vya sehemu inayodhibitiwa nyuzi 2. Boksi lililozoea 2 mtu akaja kulihamishia mkiani nyuma ya ukuta wa presha kwa sababu kulikua na nafasi, litakusumbua mpaka ulirudishe.

Mafuta nayo kwa kifupi. Jet A-1 inaganda -47, Jet A -40, lakini usiangalie namba hiyo peke yake. Boeing 777 ya safari namba 38 ya British Airways iliyoangukia karibu na njia ya kutua Heathrow tarehe 17 Januari 2008, mafuta yake hayakuganda. Maji kidogo yaliyokuwemo kwenye mafuta ndo yaligeuka barafu, barafu ikaziba mlango wa kipasha mafuta cha injini. Kwahiyo ukisikia injini inapungua nguvu baada ya safari ndefu ya baridi na joto la mafuta bado liko juu ya kikomo cha chini, usifute wazo la baridi, toa maji kwenye matenki uangalie yanatoka kiasi gani.

Waya umebadilika rangi, ganda linakatika ukiukunja

Hapa chukua muda, usikate na kubadilisha tu, waya unakueleza kila kitu ukiusoma. Ukiwa umebadilika rangi urefu wote kuanzia breka hadi mwisho, tatizo ni umeme unaopita ndani, mzigo mkubwa au waya mwembamba. Ukiwa umebadilika kipande kimoja tu katikati, tafuta kitu cha moto kilicho jirani na hapo: bomba la hewa moto linalovuja, kipasha joto, taa. Ukiwa umeungua mwishoni tu, sentimita chache kutoka kwenye taminali, taminali haikubanwa vizuri au nati imelegea, joto linatengenezwa pale kwenye maungio na ganda linapikwa kutokea huko. Nimeona mtu anabadilisha waya wa mita sita kwa sababu ya nati moja.

Namba za waya wa ndege zinakwenda na kilichopakwa juu ya shaba: bati ni 150, fedha 200, nikeli 260. Halafu na ganda lazima lifike hapo, ndogo kati ya mbili ndo inatawala. Hesabu yake ni hivi, joto la hewa ya pale jumlisha joto linaloletwa na umeme. Sehemu ina nyuzi 90, umeme unaongeza 70, jumla 160, waya wa bati wa 150 umeshazidiwa ingawa hewa yenyewe ni 90 tu na ukishika thermomita utasema mbona kuna nafasi. Ukifunga waya huo ndani ya bando nene ambamo nyaya nyingine nazo zimebeba umeme, joto linapanda zaidi, na juu angani linapanda tena kwa ile sababu ya hewa nyepesi. Ndo maana vitabu vya waya vina chati za kupunguza mzigo kwa bando na kwa urefu wa anga, zisome zote mbili.

Na mnyororo unakatikia pete dhaifu. Waya ni 260, umefungwa kwa tai za nailoni za kawaida ambazo mwisho wake ni 85, tai zinakua ngumu zinapasuka zinadondoka, bando linalegea linaanza kusuguana na chuma, mwezi mmoja baadae una shoti na kila mtu anaulaumu waya. Karibu na injini weka tai za ETFE (plastiki inayovumilia joto) zinazofika 150 au vibanio vya chuma vyenye mto wa mpira unaofaa. Angalia pia bomba la kuvalia waya, plagi, mpira wa nyuma ya plagi, kila kimoja kina namba yake.

Kuhusu hewa moto ya injini: inatembea kwenye mabomba ikiwa na nyuzi kama 200, na ndege nyingi zina waya maalum wa kunusa uvujaji uliopitishwa sambamba nayo. Kwenye ndege ya Airbus A320 waya huo unapiga kelele kwenye 124 ndani ya bawa na mwilini, 204 kwenye nguzo inayoishika injini. Sasa fikiria uvujaji mdogo unaopandisha sehemu hadi 115, hakuna onyo lolote kule mbele, ila nailoni yako ya 85 inakufa na silanti ya 121 iko ukingoni. Kwahiyo ukikuta tai zimepasuka zote eneo moja, usibadilishe tai ukaondoka, kagua maungio ya bomba kwanza.

Inavuja asubuhi, mchana imekauka

Oringi, ile pete ya mpira inayoziba maungio. Baridi inaufanya mpira kua mgumu, haurudi kwenye umbo haraka, nafasi inabaki, jua likipanda inajifunga yenyewe na ukija kukagua huoni kitu. Mfano mbaya kuliko yote ni Challenger, chombo cha anga cha Marekani, 28 Januari 1986, hewa ya asubuhi ile ilikua nyuzi 2 hivi na oringi za roketi zikashindwa kuziba.

Itoe uiangalie. Ikiwa imebonyea kua bapa upande, imepikwa, yani joto ndo chanzo ingawa dalili inaonekana kwenye baridi, hii inachanganya sana watu. Ikiwa imepasuka pasuka na ngumu ni uzee na joto. Ikiwa imevimba na laini kama jojo, imekutana na kimiminika kisicho chake. Mpira wa nitrili, ule wa mafuta mekundu ya haidroliki, unaenda kama -54 hadi 135, mpira wa Viton unafika 204 lakini kwenye baridi unaanza kukataa karibu na -26, mpira wa EPDM ndo wa yale mafuta ya haidroliki ya zambarau aina ya Skydrol, na ukiweka nitrili humo inavimba. Zote nyeusi, zote duara, mfukoni zinafanana. Usichukue iliyo nje ya pakiti yake hata kama saizi imekubali.

Kebo za usukani zimelegea

Asubuhi ya baridi kebo legelege, mchana sawa. Alumini inatanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma, kwahiyo ndege ikipoa mwili unakua mfupi kuliko kebo. Mwili wa mita 10, joto likishuka nyuzi 40, tofauti ni kama milimita 4.4. Usikaze kwa hisia! Tumia chati ya mkazo kwa nyuzi ya siku ile, na acha ndege ikae hangani masaa kadhaa ili chuma chote kiwe na joto moja kabla ya kupima, la sivyo mchana utakuta kebo zimekaza kama gitaa.

Rangi imefanya malengelenge, plastiki yenye nyuzi ndani imelainika

Vitu vya kaboni na vya nyuzi za kioo vinashikiliwa na gundi ya epoksi, na gundi ina nyuzi inapoanza kulegea. Ya kupikwa 121 haiishi kwenye 121, inaishi chini ya hapo, na ikinywa unyevu inashuka tena. Ndo maana glaida nyingi ni nyeupe, sio urembo, rangi nyeusi juani inapandisha ngozi nyuzi nyingi sana. Ukikuta malengelenge baada ya ndege kupakwa rangi mpya ya giza, muulize aliyeruhusu hiyo rangi. Gonga kwa sarafu usikilize sauti, ikiwa butu peleka kwenye vipimo vya ndani.

Alumini iliyobadilika rangi ya praima karibu na ekzosi ni kesi nyingine, kwa macho ni nzima lakini aina za alumini 2024 na 7075 zikikaa juu ya 150 zinapoteza nguvu na hazirudi zikipoa. Pima ugumu na upitishaji umeme, usipige brashi ukapaka upya. Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, iliwekewa mwisho wa nyuzi 127 puani kwa sababu hii hii ya alumini.

Breki ntapita haraka: joto la juu haliji wakati wa kutua, linapanda dakika kadhaa baadae, kwahiyo usisome ukiwa umesimama tu ukaridhika. Tairi ikishuka yenyewe kwenye maegesho bila kutoboka, angalia vile vizibo vya rimu vinavyoyeyuka, vimefanya kazi yao, rimu na breki zinakwenda kukaguliwa.

Unapoandika kwenye logibuku

"Kifaa kilizima" haimsaidii mtu. Waombe marubani waandike joto la nje, futi, dakika ngapi toka kiwashwe, wakati wa kupanda au kutulia au kushuka, na kama kilirudi baada ya muda gani. Ukitoa boksi andika na ulichosoma kwenye stika, hata kama ni sawa, ili wa karakana asilipime kwenye nyuzi 22. Mwambie aliweke kwenye chemba ya joto kwenye namba uliyoipata, nusu saa, likiwa limewashwa na limebeba mzigo. Likipita huko pia rudi kwenye ndege, tatizo liko kwenye rafu. Na ukiona kifaa cha kundi kingine kingefaa zaidi, hiyo sio ya fundi kuamua na bisibisi mkononi, inapita kwa wahandisi na inaidhinishwa kwanza.